Mashine Niliyosema Nimeizima

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nimesimama Bunda ndani ya stoo ya dagaa, nimevaa koti la suti, naitazama kompyuta iliyokuwa kimya nyuma ya magunia. Ningekuambia kwamba kwa ajili ya lile koti mtu alikufa, ungedhani mzee ameanza kuchanganya maneno. Basi kaa, nikueleze taratibu. Haya si ya kusimulia haraka haraka, na mimi mwenyewe mpaka leo sijazoea kuyasema.

Wazee wenzangu huwasimulia vijana makosa waliyofanya wakiwa na umri wenu. Langu halikuwa la umri huo. Nilikuwa nimeshaitwa babu. Lakini katika kazi ile nilikuwa kijana kabisa, na kiburi nilichokuwa nacho kilikuwa cha kijana. Nilimaliza kidato cha nne, nikatengeneza redio hapa Musoma miaka mingi. Redio zikaacha kuletwa, watu wakaanza kuniletea kompyuta, nami nikajifunza kwa kufungua na kufunga. Ndivyo nilivyofika kwenye ofisi ndogo pale Kigera iliyokuwa inatengeneza programu kwa ajili ya zahanati. Mkuu wa ofisi alikuwa Nyanjura, binti wa umri wa mtoto wangu wa mwisho. Aliniita Baba Masatu, kwa jina la mwanangu wa kwanza, na aliniheshimu kuliko nilivyostahili.

Programu ilikuwa na kazi moja. Ilimwonyesha muuguzi wa kijijini ni kituo kipi cha jirani chenye dawa zile za nadra, kama ya kichaa cha mbwa au ya sumu ya nyoka. Wewe umekulia huku, unajua. Zahanati nyingi hazina dawa ya nyoka. Mtu akigongwa anapakiwa kwenye pikipiki, na swali linalobaki ni aelekee wapi. Zamani muuguzi alikuwa anapiga simu huku na huku, hii haipokelewi, ile imeisha chaji, na mgonjwa anaishiwa muda. Sisi tukaliweka jibu kwenye kishikwambi. Mimi mwenyewe nilivipeleka vishikwambi vile kwenye zahanati za upande wa Butiama, nikawafundisha wauguzi. Mmoja wao aliitwa Wegesa, dada mpole asiyependa kuuliza mara mbili. Nilimwambia, "Bonyeza hapa, ufuate kinachokuambia. Habari za kupoteza muda na simu zimekwisha." Maneno hayo uyaweke akilini, maana yeye aliyaweka.

Sasa kazi yangu. Waandishi wa programu wanapobadilisha kitu, lazima iwepo mashine inayoyachukua mabadiliko hayo, inayaunganisha na kuyajaribu, kisha inatoa programu nzima iliyo tayari kutumika. Kinachotoka namna hiyo tulikiita toleo la muda. Ni kazi jinsi ilivyo siku hiyo, haijakamilika, kesho litatoka jingine. Ofisi zenye akili hazimpi mgonjwa toleo la muda. Sisi tulikuwa na zahanati chache za majaribio, na vishikwambi vyao vilikuwa vinajichukulia vyenyewe toleo jipya bila mtu kugusa. Kilichoangaliwa ni muda tu: lililotengenezwa mwisho ndilo lililochukuliwa. Tulijua kwamba hiyo si salama. Tulikuwa tunasema tutairekebisha.

Mashine ya kazi hiyo ilikuwa kompyuta ya mezani niliyoiunganisha kwa mikono yangu. Ilikaa Bunda kwa sababu mtandao wa pale ulikuwa mzuri kuliko wa Kigera, na kwa sababu Mama Nyafuru, anayenunua dagaa Murangi na kuwauzia wachuuzi wa Bunda, alitupa kona ya stoo yake bure. Kila alfajiri ilitengeneza toleo, kuwe na mabadiliko au kusiwe. Na kwa kuwa umeme wetu unaujua, niliipanga hivi: umeme ukikatika na kurudi, iwake yenyewe na iendelee na kazi. Nilijisifia mpango huo kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza.

Ikazeeka. Nyanjura akaamua tuhamie kwenye huduma ya kukodi, seva zilizo mbali zisizojua kwamba Bunda umeme umekatika. Akahamisha pia ghala la programu, yaani mahali waandishi wanapohifadhi kazi yao. Kwa muda tuliziendesha mashine zote mbili, ya zamani na mpya, tukalinganisha zinachotoa, tukaona viko sawa. Hapo waandishi wakaliacha ghala la zamani, wakawa wanafanya kazi kwenye jipya tu.

Katikati ya wiki ile transfoma ya mtaa wa stoo ikaungua, mashine ya zamani ikalala. Siku hizo hizo waandishi wakarekebisha kosa baya. Programu ilikuwa na tabia ya kudanganya: kituo kikitoa taarifa kwamba dawa imeisha, yenyewe inaendelea kuonyesha kwamba ipo. Wakalirekebisha, mashine mpya ikatoa toleo safi, na kufikia Ijumaa vishikwambi vyote vilikuwa vinasema ukweli. Ofisi nzima ilifurahi. Ilibaki mashine ya Bunda tu. Nenosiri la kupeleka matoleo lilikuwa moja kwa mashine zote mbili, na Nyanjura alipanga kulibadilisha Jumatatu, ile ya zamani ikishatoka njiani.

"Baba Masatu," aliniambia, "kesho si unakwenda Bunda kwa mambo ya familia? Naomba upitie pale stoo. Iwashe kwa jenereta ya mama, ufute ratiba ya kutengeneza matoleo, ufute na nenosiri, ndipo uizime uje nayo."

"Hiyo ni kazi ndogo," nikasema.

Ilikuwa kazi ndogo kweli. Ndiyo maana inaniuma.

Mambo ya familia yenyewe yalikuwa haya. Mtoto wa mdogo wangu alikuwa amepata mchumba Bunda, nami ndiye niliyekuwa mshenga. Nilishona suti. Nilinyoa ndevu. Nilipoingia stoo, Mama Nyafuru aliacha kupima dagaa akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Jamani Baba Masatu! Leo umependeza mpaka nimekusahau. Wewe si ulikuwaga unakuja hapa na kaptura?"

"Leo mimi ni mshenga, mama. Nakwenda kuposa."

"Kuposa? Basi kaa mbali na magunia yangu. Ukifika kwa wakwe unanuka dagaa, watasema huyu ametoka ziwani, aongeze ng'ombe."

Wateja wake wakacheka, nami nikacheka nao. Nikamwambia nimeifuata ile kompyuta.

"Iko huko nyuma, lakini jana nimeshusha mzigo kutoka Murangi, umeiziba. Wapakiaji wanakunywa chai hapo nje, ngoja niwaite wautoe. Na jenereta mafuta yapo, nikuwashie?"

Nilichungulia kati ya magunia. Niliona kipande cha kompyuta, hakina taa hata moja, hakina sauti. Vumbi la dagaa lilikuwa limetanda kila mahali. Nilitazama mkono wa koti langu. Nilifikiria kuinama kule nyuma, kupapasa waya, kusubiri wapakiaji, kisha kuingia kwa wakwe nimechelewa na ninanuka. Sikufikiria zaidi ya hapo, mwanangu. Ningependa kukuambia kwamba nilipima jambo kubwa kwa jambo kubwa nikakosea hesabu. Sikupima kitu. Nilitazama koti.

"Waache wanywe chai yao, mama," nikasema. "Imeshazima. Nitaifuata wiki ijayo."

"Una hakika? Usije ukaniambia niliikalia."

"Imeshazima."

Nilikuwa nimefika mlangoni kwa wakwe simu ikaita. Nyanjura.

"Baba, umeshamaliza?"

"Tayari."

"Umefuta ratiba na nenosiri?"

"Mwanangu, nimekuambia tayari. Niko mlangoni kwa watu."

"Haya baba, nisamehe. Asante sana. Wasalimie wakwe."

Aliniomba msamaha, na mimi ndiye niliyekuwa nadanganya. Nikaingia ndani. Mazungumzo yakaenda vizuri, ng'ombe wakapunguzwa, nikasifiwa kwamba nina kauli. Jioni tukiwa tunakula, transfoma mpya ya mtaa ule, uliokuwa pia mtaa wa wakwe, ikawa imefungwa, taa zikawaka nyumba nzima. Unajua watoto wetu wanavyopiga kelele umeme ukirudi. Na wakubwa siku hiyo tulipiga kelele. Mimi nilipiga makofi.

Wakati napiga makofi, kule stoo mashine yangu ilikuwa inaamka, kama nilivyoifundisha. Alfajiri ya Jumapili ikafanya kazi yake. Ikaenda kwenye ghala la zamani, ikachukua programu ya zamani yenye kosa lile lile, ikaiunganisha, ikaijaribu, ikaona iko sawa, ikaipeleka. Na kwa kuwa ilikuwa imetengenezwa mwisho, vishikwambi vya zahanati vikaona hili ndilo jipya, vikalichukua. Mashine mpya ilikuwa inatengeneza pale tu waandishi wanapobadilisha kitu, na Jumapili hakuna aliyekuwa anaandika. Hivyo hakuna aliyelifuta lile la zamani kwa jingine. Hakuna taa nyekundu iliyowaka mahali popote. Kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa.

Mchana wa Jumapili hiyo, kijiji kimoja cha upande wa Butiama, mwanamke aliyeitwa Nyangeta alitoka kanisani, akabadilisha nguo, akapanda mwambani kuanua udaga wake kwa sababu mawingu yalikuwa yanakuja. Unajua tunavyoanika mihogo juu ya mawe makubwa. Katika ufa wa jiwe palikuwa na nyoka, koboko. Alimgonga mguuni. Nyangeta alikuwa mke wa mfugaji mmoja, Wambura, na alikuwa mama wa watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Haya niliyasikia kwa Wambura mwenyewe, na mengine kwa Wegesa.

Wambura alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Wegesa akamfunga mguu, akachukua kishikwambi, akabonyeza nilipomfundisha. Kikaandika kwamba dawa ipo Bunda. Hapo akasita, maana Ijumaa aliona kwa macho yake kwamba Bunda hakuna na Musoma ipo. Akajisemea, labda Bunda wamepelekewa. Akapiga simu ya kituo cha Bunda. Iliita, haikupokelewa. Akapiga tena. Haikupokelewa. Akakumbuka yule mzee aliyekuja na vishikwambi alivyosema kuhusu kupoteza muda na simu.

"Nendeni Bunda," akawaambia. "Msisimame popote."

Wakapanda pikipiki, dereva mbele, Nyangeta katikati, Wambura nyuma amemshika. Wakafika Makutano, pale barabara ya kutoka Butiama inapokutana na barabara kuu. Unapafahamu. Njia moja inakwenda Musoma, nyingine Bunda, na umbali haupishani sana. Dawa ilikuwa Musoma. Wakakata kwenda Bunda.

Pale kituoni watumishi walishangaa. Dozi yao ya mwisho walishaitumia, na taarifa walishaituma kama inavyotakiwa. Wakamtundikia dripu, wakatafuta gari la kumkimbiza Musoma. Wambura aliniambia kwamba ndani ya gari mke wake hakuweza tena kufungua macho, kope zilikuwa nzito, wala hakuweza kusema, lakini akimwita anamfinya mkono. Akimwita anamfinya. Baadaye akamwita hakumfinya. Walikuwa hawajafika Makutano kwa mara ya pili.

Jumatatu asubuhi Nyanjura alinipigia. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Baba Masatu, kuna mama amefariki upande wa Butiama. Nimeangalia vishikwambi vya kule, vina toleo la zamani. Limetengenezwa jana alfajiri. Limetoka kwenye mashine ya Bunda."

Nilitoka nje na simu sikioni.

"Baba, ulisema tayari."

"Labda umeme," nikasema. Ndiyo maneno niliyoyapata. Labda umeme.

Nilikwenda Bunda. Nilipoingia stoo, kabla sijaona kitu, nilisikia feni ya kompyuta inazunguka nyuma ya magunia. Mama Nyafuru akaniambia, "Nilijua utarudi, iliwaka yenyewe juzi jioni." Nilivuta magunia mwenyewe, nikainama, nikang'oa waya. Ilikuwa kazi fupi sana.

Nyanjura alilia pale ofisini bila kujificha. Siku hiyo hiyo alibadilisha nenosiri, akavirudishia vishikwambi vyote toleo safi, akaviondolea ule uwezo wa kujichukulia toleo lolote. Kisha akaniuliza, "Tutawaambia nini kule kijijini?" Nikamwambia tungoje kwanza wazike. Alinisikiliza kwa sababu mimi ni mzee, na kwa sababu Butiama ni kwetu, akadhani najua desturi. Hiyo ni dhambi ya pili, nayo ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Ya kwanza niliifanya bila kuwaza. Ya pili niliiwaza.

Nilikwenda mazishini kwa niaba ya ofisi. Nikakaa na wanaume. Kama ilivyo kwetu, kabla ya kuzika ukasomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliolewa lini, ameacha nani, na kifo kilimfikaje. Msomaji alikuwa baba yake mdogo. Alipofika mwisho akasoma kwamba marehemu alielekezwa na muuguzi wa zahanati kwenda Bunda, ambako dawa haikuwepo, ilhali Musoma ilikuwepo. Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, wala hakushusha sauti, "Si huyo anayeshindaga na kile kidubwasha chake mkononi, hata mgonjwa hamwangalii."

Wegesa alikuwa upande wa wanawake. Niliona akivuta khanga yake mpaka usoni. Wanawake waliokuwa wamekaa naye mkekani wakasogea kidogo. Kidogo tu. Mimi nikainamisha kichwa kama mtu anayesali.

Tulipomaliza kuzika nilimfuata nikampa mkono. Nikamwambia pole.

Baada ya msiba nilimwambia Nyanjura tungoje matanga yaishe. Yakaisha, nikamwambia tungoje hasira zipungue. Huko kijijini akina mama waliacha kumpelekea Wegesa watoto wao. Walikuwa wanaipita zahanati wakiiona, wanakwenda mbali kwa miguu na mtoto mwenye homa mgongoni. Habari hizo zilinifikia. Kila zilipofika nilijiambia nitakwenda kusema.

Mwisho nikaenda, lakini nilikwenda kwa mlango nilioona ni mwepesi. Nilikwenda peke yangu kwa Mzee Magesa, baba yake Nyangeta. Ni mkubwa kwangu kwa umri, amekuwa katekista miaka mingi. Nilimkuta anatengeneza uzio wa zizi. Nikamwamkia, tukakaa, nikamwambia yote. Mashine, magunia, koti, simu ya Nyanjura. Sikuficha kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kamba ya uzio bado iko mkononi mwake.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, mzee wangu."

"Unajisikiaje sasa?"

Nikafikiri ananihurumia. "Angalau nimepata nafuu kidogo."

"Ndiyo," akasema. "Hiyo ndiyo uliyoifuata. Mimi ndiye niliyefiwa, na wewe umekuja kwangu kuchukua nafuu."

Nilitaka kusema kitu, akaninyooshea kiganja.

"Kijana, nisikilize." Aliniita kijana, mimi mwenye mvi. "Wasifu wa binti yangu ulisomwa mbele ya watu wote. Wewe ulikuwepo. Kuna neno mle si la kweli, na ulijua kwamba si la kweli wakati linasomwa. Binti yangu amelala chini na neno hilo. Binti wa mtu mwingine anatembea nalo juu. Ukininong'oneza mimi hapa zizini, wao wanapata nini?"

"Nitakwenda kwa Wegesa, nimwombe..."

"Utakwenda kumnong'oneza na yeye? Hapana. Misa ya arobaini inakuja. Watakuwepo waliousikia wasifu. Utasimama, utaurekebisha kwa sauti kubwa kama ulivyosomwa. Mimi sitakutetea. Na wakikupiga mawe sitawazuia, ingawa sidhani kama watakupiga."

Hakuninyima mkono wakati wa kuondoka. Lakini hakunisindikiza, na wewe unajua kwetu maana yake.

Siku ya arobaini nilikwenda na Nyanjura. Alitaka kusema yeye, kwamba ofisi ni yake. Nilimkatalia. Misa ilipokwisha, watu wakiwa wamekaa wanasubiri chakula, Mzee Magesa akasema kuna mtu ana neno kuhusu wasifu wa marehemu. Nikasimama. Nilisema kwamba muuguzi hakukosea. Alisoma kile alichoandikiwa, na kilichoandikwa kilikuwa uongo uliopelekwa na mashine niliyoagizwa kuiondoa. Nikasema niliambiwa niizime kwa utaratibu, nikaikuta kimya kwa sababu ya umeme, nikasema nimeizima. Nikasema kwa nini sikuinama. Nikalitaja na koti.

Hakuna aliyepiga kelele. Wambura aliinuka, akatoka, akaelekea kwa ng'ombe wake bila kunitazama. Mtoto wa Nyangeta, yule mdogo, alikuwa amebebwa na bibi yake, analia, anabembelezwa. Nilisimama pale sijui nikae au niondoke.

Wegesa ndiye aliyekuja. Alisimama karibu yangu, akaongea kwa sauti ya chini.

"Mzee, kwa hiyo sikubonyeza vibaya?"

"Hukubonyeza vibaya, mwanangu."

"Maana Ijumaa niliona Bunda hakuna. Nikajua ni mimi, nimegusa mahali sipo. Nimekuwa nakiangalia kidole changu. Nikimchoma mtoto sindano nasimama kwanza nakiangalia." Akaninyanyulia macho. "Wewe ulijua lini?"

"Jumatatu. Siku iliyofuata."

Alihesabu kichwani, niliona anahesabu.

"Basi siku ya mazishi ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ulinipa pole," akasema. "Nikakushukuru."

Akageuka, akaondoka. Baadaye akina mama walimwendea kumwomba radhi, akawapokea vizuri, lakini barua yake ya kuhama ilikuwa imeshakwenda, na hakuirudisha. Yuko kituo kingine sasa. Sijawahi kumfuata kumwuliza kama amenisamehe. Naona hiyo ingekuwa ni kwenda tena kuchukua nafuu.

Mimi niliacha kazi. Nyanjura anaendelea, na siku hizi haruhusu toleo la muda limfikie mgonjwa yeyote. Ananipigia sikukuu. Mtoto wa mdogo wangu alioa, wana watoto, na kila ninapowaona nakumbuka siku ile ya posa, ingawa wao hawana kosa.

Sasa nakusihi, mwanangu, wewe unayejifunza kazi hizi za kompyuta, na hata wewe unayefanya kazi nyingine. Kitu kilichonyamaza chenyewe si kitu ulichokinyamazisha. Ukihama kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya, furaha yote itakuwa kwa mpya, na watu wote watautazama mpya. Wewe rudi kwa ule wa zamani. Uliza bado una ratiba gani, bado una nenosiri gani, bado unaweza kumfikia nani. Mpaka umeuondolea uwezo huo kwa mikono yako na kuhakikisha kwa macho yako, bado uko kazini, hata kama hauna taa. Akikuuliza mwenzako umemaliza, nawe hujamaliza, sema hujamaliza. Ataudhika kidogo. Ni bora audhike. Neno "tayari" usilitoe kwa sababu uko mlangoni kwa watu, au kwa sababu aliyekuuliza ni mdogo kwako.

Na ukikosea, maana utakosea, usimngoje mtu mwingine abebe. Usiseme ngoja wazike, ngoja matanga, ngoja hasira. Kila siku uliyongoja, mtu asiye na hatia anaamka akijichunguza vidole. Usilipeleke kosa lako kwa mtu mmoja chumbani ili roho yako ipumue. Lipeleke pale linapomwumiza mtu, mbele ya wale wale wanaomnyooshea kidole, ulisimamie mpaka wamwache.

Mungu wa mababu zetu na akupe kazi ambayo watu wataitegemea bila kujua jina lako, na akupe hofu ya kuifanya vizuri. Awalinde walio mwambani na walio barabarani, ambao maisha yao yako mikononi mwako na hawajui. Akunyime usingizi usiku ule utakaokuwa umeficha jambo, na akurudishie asubuhi utakapolisema. Uzeeke, mwanangu, na ukizeeka uwe na machache ya kusimulia kuliko mimi.